Amplifaya Isiyoingia Seminari



Kijana mpendwa, leo naomba tujifunze kitu kutoka mahali ambapo huenda hukutegemea frateri akupeleke: gereji. Sisemi gereji ya fundi magari pale mtaani kwenu, ingawa kelele zinakaribiana. Nasema muziki unaoitwa roki ya gereji, pamoja na ndugu yake anayeitwa indi. Niliupenda nikiwa mwaka wa kwanza wa falsafa na naupenda hadi leo. Vijana wa VIWAWA na TYCS wameshaniuliza mara nyingi, wengine kwa utani, wengine kwa wasiwasi wa kweli: "Frateri, na wewe unasikiliza hayo makelele?" Nasikiliza. Na nadhani ndani ya makelele hayo kuna jambo zito kuhusu uhuru, ambalo kijana anayejiuliza kuhusu wito wake, wito wa aina yoyote ile, analihitaji.

Tuanze na kitu unachokijua tayari. Kama umewahi kuangalia mpira wa Ulaya, iwe sebuleni au kibanda umiza, umeshasikia wimbo mmoja wa roki ya gereji hata kama hujui jina lake. Ni ule ambao mashabiki maelfu wanauimba bila maneno, noti saba tu, zinapanda kidogo halafu zinashuka ngazi kwa ngazi. Unaitwa "Seven Nation Army", wa bendi ya The White Stripes kutoka Detroit, Marekani, na ulitoka mwaka 2003. Oktoba mwaka huohuo mashabiki wa Club Brugge ya Ubelgiji walikwenda Milan kuiona timu yao ikicheza na AC Milan, mabingwa wa Ulaya wa wakati ule. Wakausikia wimbo mjini, wakaudaka, wakaingia nao uwanjani, na timu yao ikashinda 1-0 ugenini. Basi, ukahamia Brugge moja kwa moja. Mwaka 2006 mashabiki wa Roma wakaukuta kulekule Brugge, wakaubeba kwenda kwao, na Italia ilipotwaa Kombe la Dunia Julai mwaka huo nchi nzima ilikuwa inauimba.

Jina la wimbo nalo lina kisa chake. Mtunzi, Jack White, alipokuwa mtoto alisikia vibaya jina la Salvation Army, yaani Jeshi la Wokovu. Yeye alidhani watu wanasema "Seven Nation Army", jeshi la mataifa saba. Jina la kitoto likakaa kichwani miaka yote hiyo.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui: ile sauti nzito inayoanza wimbo si gitaa la besi. Bendi ile haikuwa na mpiga besi kabisa. Ni gitaa la kawaida lililopitishwa kwenye pedali inayoshusha sauti kwa oktavu nzima. Shika hilo, tutalirudia, maana ndilo somo lenyewe.

GEREJI YENYEWE

Tarehe 9 Februari 1964 The Beatles walionekana kwa mara ya kwanza moja kwa moja kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan huko Marekani. Watu wapatao milioni 73 waliangalia. Baada ya hapo kila mtaa ukawa na vijana wanne wanaomsumbua baba awanunulie gitaa. Wengi walifanyia mazoezi mahali pekee ambapo mama aliruhusu kelele, kwenye chumba cha kuwekea gari. Ndiyo gereji hiyo. Hawakuwa wanamuziki waliosoma. Vidole vyao vilijua mikao mitatu ya gitaa, na kwa mikao hiyo mitatu wakatunga mamia ya nyimbo.

Wimbo ambao wote waliupiga ulikuwa umetangulia kidogo. Mwaka 1963 bendi ya The Kingsmen ya Portland, Oregon, ilirekodi "Louie Louie" kwa dola zisizofika hata mia. Maiki ilikuwa imening'inizwa juu, kwa hiyo mwimbaji, Jack Ely, aliimba kichwa amekiinua kama mtu anayeita jirani wa ghorofani. Matokeo yake maneno hayashikiki. Wazazi wakaanza kuhisi kwamba kama hayasikiki basi lazima ni matusi, malalamiko yakafika serikalini, na FBI wakaufanyia uchunguzi wimbo wa watoto wa shule. Waliucheza kwa kasi hii na kasi ile. Mwishoni wakakubali kwamba hakuna anayeweza kusema kinachoimbwa ni nini. Halafu kuna mahali baada ya gitaa kucheza peke yake, Ely anaingia mapema, anagundua amewahi, ananyamaza, mpiga dramu anaziba pengo. Kosa hilo limo kwenye sahani hadi leo, na bendi nyingi zilizouiga wimbo ziliiga na kosa lake! Mimi nikifika hapo huwa natabasamu kila mara. Nani asiyeijua hali hiyo, sauti ya pili ya kwaya imeingia kabla ya zamu yake na mwalimu amekodoa macho?

Mwaka 1966 wimbo uliofika namba moja Marekani nzima ulikuwa "96 Tears". Waliupiga vijana wa familia za Wameksiko waliohamia Michigan kufuata vibarua vya mashambani. Bendi ilijiita ? and the Mysterians. Ndiyo, alama ya kuuliza. Ndilo jina la mwimbaji. Watoto wa vibarua, kinanda cha umeme, na nchi yote ikawasikiliza.

Kisha yote yakasahaulika haraka. Roki ikawa kubwa, studio zikawa za gharama, nyimbo zikaanza kuwa ndefu. Aliyeyaokoa ni Lenny Kaye, mwandishi wa habari za muziki, ambaye mwaka 1972 alikusanya nyimbo 27 za bendi hizo ndogo kwenye albamu ya sahani mbili iliyoitwa Nuggets. Bila mkusanyaji yule tungekuwa na majina machache sana.

Neno indi lina asili tofauti. Mwanzoni halikuwa jina la sauti. Lilikuwa suala la pesa: ni nani anamiliki sahani? Uingereza, Januari 1977, vijana wa Manchester wanaoitwa Buzzcocks walitoa sahani yao yenye nyimbo nne, Spiral Scratch, kwa pauni 500 za kukopa. Walianza na nakala 1,000. Hawakumsubiri tajiri awaruhusu. Leo neno limechakaa, mtu anaitwa indi kwa sababu ya nywele tu, lakini maana ya kwanza ilikuwa hiyo: tulichonacho kinatosha kuanzia.

KIJANA WA DETROIT

Sasa tufike kwenye kisa kilichonifanya niandike makala hii.

Jack White jina lake la kuzaliwa ni John Anthony Gillis. Alizaliwa 1975, kitinda mimba wa watoto kumi katika familia ya Kikatoliki. Baba na mama wote walifanya kazi Jimbo Kuu la Detroit: baba upande wa matunzo ya majengo, mama ukatibu. Kijana alikuwa mtumishi wa altare. Aliwahi hata kuonekana kidogo kwenye filamu iliyopigwa parokiani kwao. Kwa ufupi ni kijana ambaye ungemkuta sakristia yoyote ya kwetu Jumapili asubuhi, anagombania chetezo.

Na alitaka kuwa padre. Ameeleza mwenyewe kwenye mahojiano: aliomba seminari huko Wisconsin, ya umri wa sekondari kama seminari ndogo zetu, na akakubaliwa. Nafasi ipo, barua ipo. Dakika ya mwisho akabadili mawazo, akaenda shule ya serikali mjini kwao. Sababu aliyoitoa? Alikuwa amepata amplifaya mpya, na hakudhani angeruhusiwa kwenda nayo seminari.

Nimekisimulia kisa hiki mara kadhaa na watu huchukua moja ya njia mbili. Wa kwanza wanacheka: kumbe wito unaweza kuuzwa kwa spika! Wa pili wanasikitika: shetani na muziki wake amemwibia Bwana mtumishi. Mimi sikubaliani na wote wawili. Kijana wa miaka kumi na minne akisema amplifaya ilimzuia, sawa, huenda ndivyo ilivyokuwa. Huenda pia amplifaya ilikuwa namna ya kutaja jambo ambalo hakuwa na jina lake bado, kwamba kuna kazi nyingine iliyokuwa ikimwita. Kanisa linasema wazi kwamba si kila Mkatoliki mwema ameitwa upadre, na kazi ya malezi ni kupambanua, siyo kujaza vitanda. Gombera yeyote mwenye busara atakuambia hivyo. Kijana aliyebaki nje kwa moyo mnyoofu hajamwibia Mungu chochote.

Lakini tazama kilichofuata, maana hapo ndipo kisa kinapokuwa kizito. Chumba chake kilikuwa kidogo. Humo alitia dramu seti mbili, amplifaya na mashine ya kurekodia, akatoa kitanda ili vitoshe, akawa analala juu ya kipande cha godoro la sponji karibu na mlango. Wale mnaosoma bweni mnajua vitanda vyetu vilivyo. Huyu alikimbia maisha ya seminari akajitengenezea chumba kigumu kuliko cha seminari!

Akaenda kujifunza ufundi wa makochi kwa rafiki wa familia, Brian Muldoon, ambaye pia alipiga naye muziki. Baadaye akafungua duka lake. Anasimulia kwamba kule kwenye makochi ndiko alikopata namba yake: alimwona fundi akishika kitambaa kwa pini tatu za stapla, akaona kwamba moja haitoshi, mbili hazitoshi, tatu ndicho kiasi kidogo kabisa kinachoshika. Tangu hapo tatu ikawa sheria. Mwaka 1997 alipoanzisha The White Stripes pamoja na Meg White, waliamua rangi tatu tu, nyekundu, nyeupe na nyeusi, na sauti tatu tu, gitaa au kinanda, dramu na mdomo wa mtu. (Tafadhali usikimbilie Utatu Mtakatifu hapo. Nimeshasikia mahubiri ya namna hiyo na yote huishia pabaya.)

Albamu yao ya pili, ya mwaka 2000, waliirekodi sebuleni nyumbani kwa Jack, wakaiita De Stijl, jina la kundi la wasanii wa Uholanzi lililoanza 1917 ambalo lilijifunga kwenye mistari iliyonyooka na rangi chache za msingi. Albamu ya nne, Elephant, ndiyo yenye ule wimbo wa uwanjani. Kufikia wakati huo walikuwa na jina na wangeweza kulipia studio yoyote duniani. Walikwenda Toe Rag, studio ndogo ya London yenye mitambo ya zamani, njia nane tu za kurekodia, na wakaandika kwenye jalada kwamba hakuna kompyuta iliyotumika. Kazi ilichukua kama wiki mbili. Jukwaani hawakuwa na orodha ya nyimbo iliyoandikwa. Magitaa yake mengi yalikuwa ya bei rahisi, mojawapo la plastiki ngumu la aina iliyokuwa ikiuzwa madukani pamoja na vyombo vya nyumbani. Kwenye filamu ya It Might Get Loud ya mwaka 2008 utamwona akipigilia misumari kwenye ubao, anakaza waya mmoja juu ya chupa ya soda, anaunganisha umeme, anapiga. Mtoto yeyote wa kijijini kwetu aliyewahi kutengeneza gitaa la galoni na waya za breki anamwelewa bila mkalimani.

Na Meg. Wakosoaji walimsema sana kwamba hajui kupiga dramu, anapiga kama mtoto. Sikiliza "The Hardest Button to Button" kisha uniambie. Anapiga pigo moja, pigo moja, kama mtu anayetwanga mahindi, haongezi manjonjo yoyote, na kwa sababu haongezi, gitaa linapata nafasi ya kuwa wazimu linavyotaka bila wimbo kuanguka. Angekuwa fundi zaidi, bendi ingekufa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anasema uzuri unadai mambo matatu: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Nilikuwa nadhani ukamilifu maana yake ni kuwa na vyombo vyote. Lakini ukamilifu wa kitu ni kuwa na kile kinachokifanya kiwe chenyewe. Kuku hana upungufu kwa sababu hana miguu minne.

UHURU WA NAMNA GANI?

Mwanatauhidi mmoja Mbelgiji, Padre Servais Pinckaers wa Shirika la Wadominiko, alitofautisha uhuru wa aina mbili. Wa kwanza ni kuweza kuchagua chochote bila kuzuiwa: hili au lile, yote sawa kwangu, mradi nachagua mimi. Wa pili ni uwezo wa kutenda jambo zuri vizuri. Mfano anaoutumia ni wa kinanda. Mtoto asiyejua kinanda yuko huru kugonga funguo zozote, hakuna anayemkataza. Aliyefundishwa amefungwa na mazoezi ya kila siku, vidole vyake vimewekewa sheria. Lakini ni nani kati yao aliye huru kupiga wimbo?

Sisi tulio na Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali. Chukua shairi la mishororo minne: mizani nane na nane, vina vya kati na vya mwisho, na kituo. Ni gereza hilo? Shaaban Robert hakulalamika kwamba vina vimemziba mdomo. Nadhani wanaolalamika zaidi ni wale ambao hawajajaribu. Ukilazimika kutafuta neno lenye mizani tatu linaloishia na "-ma", unalazimika kupita mahali katika lugha ambapo usingepita kwa hiari yako, na huko ndiko unakookota neno ulilokuwa hulijui kuwa unalo. The White Stripes walifanya hivyo kwa sauti. Kukosa besi ndiko kulikomfanya Jack ashushe gitaa kwa pedali, na gitaa lililoshushwa halisikiki kama besi wala kama gitaa, lina ukwaruzo wake wa katikati. Angekuwa na mpiga besi mzuri pale studio, noti zile saba zingesikika vinginevyo, na sijui kama Brugge wangezigeuza wimbo.

Ndiyo maana nasema kijana yule hakuikimbia mipaka. Seminari ingempa kengele, ratiba, sare, ukimya, vitu vichache. Aliyakataa hayo, kisha alipoanza kufanya kazi anayoipenda kwa dhati akajikuta anajiwekea kengele yake, sare yake, vitu vyake vichache. Kama kuna kitu kimoja nataka uondoke nacho ukiwa unahangaika na swali la "niwe nani", ni hiki: usiulize kwanza wito upi utanibana kidogo. Ndoa itakubana. Utawa utakubana. Udaktari utakubana usiku wa manane. Uliza ni kubanwa kupi ambako ukikukumbatia kunakufanya uimbe. Mtaka yote hukosa yote, wahenga walishasema, na wao hawakuwa na simu yenye nyimbo milioni mfukoni.

Mfano wa upande wa pili upo, na unatuhusu Wakatoliki moja kwa moja. The Electric Prunes walikuwa bendi ya gereji ya Los Angeles. Wimbo wao ndio unaofungua ile Nuggets. Mwaka 1968 ilitoka albamu kwa jina lao, Mass in F Minor: Misa ya Kilatini kwa magitaa ya umeme. Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Benedictus, Agnus Dei, yote yamo, kwa chini ya nusu saa. Ilitungwa na David Axelrod, mwanamuziki aliyesoma hasa. Shida ni kwamba muziki ulikuwa mgumu kuliko bendi. Vijana wale wa mikao mitatu walikwama, wakaletwa wanamuziki wengine kumalizia sehemu kubwa, na jina kwenye jalada likabaki la kwao. Baada ya muda si mrefu bendi yenyewe ikasambaratika. Mimi Kyrie yake naipenda kuisikiliza, ina huzuni fulani ya kweli. Lakini kila nikiisikia nawafikiria wale vijana wamekaa pembeni ya studio, wanasikiliza watu wengine wakipiga albamu yao.

Hapo najua swali linalokuja: je, tunaweza kupiga roki Misani? Jibu langu ni hapana, na sioni aibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati ya Liturujia ya mwaka 1963, unafundisha kwamba muziki mtakatifu unakuwa mtakatifu zaidi kadiri unavyoungana kwa karibu na tendo lenyewe la liturujia. Kipimo siyo kwamba wimbo ni mzuri. "Seven Nation Army" ni mzuri, lakini umeumbwa kuwafanya watu waangalie juu ya mabega yao na kukunja ngumi. Altareni tunahitaji mwili ufanye kitu kingine. Gitaa la umeme lina mahali pengi duniani pa kupigiwa, halidhulumiwi likikosa pale.

MAMBO NISIYOYATETEA

Shabiki asiyeona doa ni mpambe. Jack na Meg waliwaambia waandishi wa habari kwamba ni kaka na dada. Ukweli ni kwamba walioana 1996, na Jack ndiye aliyechukua jina la White kutoka kwa mkewe. Wakatalikiana 2000 na bendi ikaendelea. Gazeti la mjini kwao ndilo lililofukua cheti cha ndoa. Watetezi wanasema ilikuwa mchezo wa kisanaa, ili watu wasikilize muziki badala ya kuuliza habari za mapenzi. Naelewa nia. Uongo ni uongo. Na mtu anayejenga kila kitu juu ya ukweli wa sauti, hakuna kompyuta, hakuna kupaka rangi, halafu anaficha jambo la msingi kuhusu watu wawili walio jukwaani, anastahili kuulizwa.

Vilevile ziara yao ya mwaka 2007 ilikatishwa kwa sababu Meg alizidiwa na wasiwasi mkali, na 2011 wakatangaza kwamba bendi imekwisha. Meg amekaa kimya tangu hapo. Sitaki kulipamba hilo. Mipaka unayoichagua mwenyewe ni jambo moja, na mzigo unaombebesha mwenzako ni jambo jingine. Hatujui nani alibeba nini, na si kazi yetu kukisia.

Kuhusu "muziki wa shetani", sitatumia muda mwingi. Debe tupu haliachi kuvuma, ni kweli, lakini si kila kinachovuma ni debe tupu. Sikiliza maneno ya wimbo mmoja mmoja. Ziko nyimbo za roki ya gereji zinazomdhalilisha mwanamke, na ziko bongo fleva zinazofanya hivyo, na taarabu pia, hizo acha. Swali gumu zaidi ni lile alilojiuliza Mtakatifu Augustino kwenye Maungamo, kitabu cha kumi. Yeye alikuwa na wasiwasi hata na zaburi kanisani: aligundua kwamba wakati mwingine sauti ilimgusa kuliko kile kilichoimbwa, na akaliona hilo kuwa kosa. Hakufuta uimbaji. Alikumbuka machozi yaliyomtoka siku za kuongoka kwake, na jinsi nyimbo zilivyomsaidia. Akabaki anayumba kati ya hatari na faida, na akalisema waziwazi. Kwangu huo ni msimamo wa mtu mzima. Ukiwa na spika masikioni kuanzia kuamka hadi kulala, shida haianzii kwenye roki; hata kwaya ya parokia ukiisikiliza hivyo itakuziba. Mimi nasikiliza wakati wa mapumziko ya mchana, albamu moja, nikimaliza nazima. Kengele ya seminari inanisaidia, siku nyingine inanikata katikati ya wimbo. "Fell in Love with a Girl" haifiki dakika mbili, hiyo inatosha hata kati ya vipindi viwili.

Nimalizie na yule fundi makochi. Mwaka 2004 Muldoon alipotimiza miaka 25 ya ufundi, yeye na Jack walitengeneza sahani kwa jina la The Upholsterers, nakala 100. Hawakuziuza. Walizishona ndani ya makochi ya wateja, chini ya kitambaa na sponji, wakawarudishia wenyewe bila kuwaambia. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimepatikana mbili. Nyingine bado zimo humo, watu wanazikalia wakiangalia televisheni.

Kwa kikundi chenu cha VIWAWA au TYCS, jaribuni hivi kabla ya mkutano ujao. Chagueni wimbo mmoja mnaoupenda, wa dini au wa kidunia. Uimbeni kwa sauti ya mtu mmoja na ngoma moja, bila kinanda, bila spika. Kisha kaeni mzungumze kwa uaminifu: ni kitu gani kimepotea, na ni kitu gani mmekisikia kwa mara ya kwanza?